Stesheni ya Same Juu ya Meza

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka. Tumeyachapa kama yalivyosomwa.)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii mara baada ya taarifa ya Mtunza Hazina, maana baada ya taarifa ile kila msemaji huonekana ana habari njema.

Nimeombwa niseme juu ya meza ile iliyo nyuma ya ukumbi, iliyofunikwa shuka. Najua wengi mmekwisha kuichungulia. Ni stesheni ya reli ya Same, imetengenezwa kwa mbao, maboksi, bati la makopo na waya. Walioitengeneza ni vijana wa Kidato cha Pili pamoja na mwalimu wao wa Jiografia, na sifa zote ni zao. Mimi sikukata hata ubao mmoja. Kwa mikono yangu hii hata kigoda hulemaa. Kazi niliyopewa ni kujibu swali moja tu: stesheni yetu ilikuwaje?

Nilidhani swali hilo ni la wiki mbili. Limenichukua mwaka mmoja na nusu, na likizo zangu zote.

Mchezo huu wa kutengeneza reli ndogo wenzetu wa Ulaya wanao tangu zamani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zake za kuchezea katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. London kuna klabu ya kazi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1910, na wanachama wake ni watu wazima, wenye wake na mvi. Sasa angalieni: mwaka huohuo wa 1891 ndipo ilipoundwa kampuni ya Kijerumani ya kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Kwa hiyo reli ya mtoto wa Kijerumani na reli ya babu zetu ni rika moja, ila ile ya kwanza haikumbebesha mtu mataruma.

Historia yenyewe nitaipitia haraka, kwani iko vitabuni. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Wajerumani ikaichukua reli. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi 1911, kilomita 352 toka Tanga. Hivyo gari moshi la kwanza lilipita hapa Same kati ya 1909 na 1911. Novemba 1914 askari wa Kijerumani walisafirishwa kwa reli hii toka Moshi kwenda kupigana Tanga, wakapita hapa. Mwaka 1916 Wajerumani walirudi nyuma kwa kuifuata njia hiyohiyo, jeshi la Smuts likiwa nyuma yao, nao wakawa wanavunja madaraja na kung'oa reli. Waingereza wakaitengeneza, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Mwaka 1948 ikawa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1963 ikaungwa na Reli ya Kati, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, hata mtu akaweza kupanda Dar es Salaam akashuka Same bila kubadili reli. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, likaja Shirika la Reli Tanzania. Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma, na ilirudi Desemba 2019 hadi Moshi, kisha 2020 hadi Arusha.

Mimi nilikuja hapa Kidato cha Kwanza mwaka 1996, kwa basi, sanduku langu likiwa juu ya keria. Treni ya abiria sikuikuta. Nilizikuta reli zimeota majani, na wakubwa wetu wakitusimulia. Nasema haya ili mjue kwamba mimi si shahidi. Ni karani wa mashahidi.

Sasa, katika miaka hiyo yote, tutengeneze Same ipi? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee mmoja katika kamati alitaka ya Wajerumani, kwa sababu ndiyo ya kwanza. Mwingine alitaka ya mwaka 1945, wakati maelfu ya Wapare walipoteremka milimani wakaja kukaa hapa Same kuikataa kodi ya mbiru. Wa tatu alitaka ya siku yake mwenyewe, alipokuja na sanduku la bati. Mnayajua yanayosemwa juu yetu sisi Wapare na kesi, kwamba mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi kamati yetu ilikuwa tayari kuuza zizi zima. Mwalimu akashauri tuchanganye: jengo la Wajerumani, injini ya Waingereza, na behewa la Shirika la Reli Tanzania, ili kila mtu aridhike.

Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Stesheni iliyochanganywa hivyo haikuwapo siku yoyote duniani. Mtu akiwa na picha ya baba yake, kisha akachukua pua ya babu na masikio ya mjomba akayabandika juu yake, ameipendeza familia, lakini baba yake hayumo tena katika picha hiyo. Tukakubaliana kutafuta siku moja yenye ushahidi wa kutosha, hata kama si siku ya fahari.

Siku hiyo ilitoka nyumbani kwetu, katika kabati la shangazi yangu.

Shangazi anayo picha ya marehemu baba yangu mdogo, mdogo wake baba. Amesimama stesheni ya Same, kijana mwembamba, suruali fupi, sanduku la bati kando ya mguu. Nyuma yake kuna ubao wa jina la stesheni, ila kichwa chake kimeiziba herufi ya kwanza, kwa hiyo inasomeka AME. Kando kuna kibanda cha bati. Mbali kabisa ni milima. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino: 1964. Katika ukoo wetu picha hiyo inaitwa "siku ya kwanza ya shule". Sisi watoto tulionyeshwa kila tulipovivia vitabu: mwoneni baba yenu mdogo, Januari ile alivyokwenda kusoma na sanduku moja.

Nikaichukua kwa ruhusa, nikaileta hapa Same. Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta aliposimama mpiga picha. Njia yake ni rahisi, na vijana waliifanya wenyewe. Milima haihami. Unashika picha mbele ya uso wako, unatazama vilele viwili vinavyoonekana kama vimepishana, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali. Ukisogea kushoto, pengo kati yao linapanuka; ukisogea kulia, linafunga. Unakwenda hivyo hatua kwa hatua mpaka milima iliyo mbele yako na iliyo mkononi ifanane. Hapo chini ya miguu yako ndipo alipokuwa mpiga picha, kwa kosa la hatua chache tu. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alipata mahali hapo kabla yangu, akaniita kwa kelele mpaka watu wa sokoni wakageuka.

Jambo la pili lilikuwa vipimo. Kibanda kile kilikuwa na ukubwa gani? Fundi wa mabati atawaambieni kwamba bati la kawaida la mawimbi, umbali kutoka mgongo mmoja hadi mgongo wa pili ni inchi 3, yaani milimita 76. Kwa hiyo ukuta wa bati ni rula iliyojianika juani. Unachukua kioo cha kukuzia unahesabu migongo. Migongo 40 ni mita 3 na kidogo. Kadhalika reli zenyewe: njia yetu ina upana wa mita moja kamili kutoka reli hadi reli, na popote zinapoonekana katika picha, kitu kilicho jirani nazo kwa umbali uleule kutoka kwa kamera unaweza kukipima. Sisi tumetumia kipimo cha moja kwa hamsini, hivyo mita moja uwanjani ni sentimita 2 juu ya meza. Ndiyo sababu mnaona meza ni ndefu. Uwanja wa mita 300 peke yake hutaka mita 6. Mkuu wa Shule alituuliza kwa upole kama hatukuweza kuchagua stesheni fupi.

Jambo la tatu ndilo lililoniumiza kichwa. Kivuli.

Baada ya kupata mahali aliposimama mpiga picha, tulikuwa na dira, na tukajua kaskazini ya picha ni wapi. Kivuli cha baba mdogo kilikuwa kimeangukia upande wa kusini, urefu wake kama nusu ya kimo chake. Mwalimu wa Jiografia aliniangalia, nami nikamwangalia. Sisi hapa tuko kusini mwa Ikweta kwa kadiri ya digrii 4. Januari jua la saa sita linapita kusini mwa utosi wetu, na kivuli huanguka kaskazini. Kivuli cha mchana kuanguka kusini kwa urefu ule ni jambo la katikati ya mwaka. Hatukutaka kubishana kwa mdomo. Mwezi wa Juni uliofuata vijana walisimamisha fimbo palepale, wakapima mchana. Kivuli kilianguka kusini, nusu ya fimbo.

Kwa hiyo picha ile haikupigwa Januari. Haikuwa siku ya kwanza ya shule.

Sikuwa na haraka ya kwenda kwa shangazi. Mtu hupaswa kufikiri mara mbili kabla ya kuuondolea ukoo siku yake kwa sababu ya fimbo na dira. Lakini kazi yangu ya ofisini imenifundisha kwamba faili lenye tarehe ya uwongo huzaa mafaili mengine. Nikaenda. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Wewe ni wa kwanza kuuliza. Siku ile alikuwa anarudi shuleni baada ya kumzika babu yako. Alikataa kabisa kurudi. Mama alimsindikiza mpaka stesheni, ndiye aliyemlipa mpiga picha, akasema nataka sura yako ibaki, maana nikirudi nyumbani nitakuwa peke yangu." Baadaye watu waliona si vizuri kuwaambia watoto habari ya msiba kila picha inapotolewa, wakaifanya siku ya furaha.

Tangu hapo ndipo tukajua tunatengeneza nini. Ni Same ya katikati ya Juni 1964, mchana, majani yamekauka. Kama tungefuata simulizi ya Januari tungeyapaka majani rangi nyingine.

Tarehe ikishapatikana, inaanza kuamuru. Vijana walikuwa wametengeneza tangazo dogo zuri la ukutani lenye neno TANZANIA. Ilibidi litoke. Muungano ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964, lakini jina la Tanzania lilikuja Oktoba ya mwaka huo. Juni tulikuwa bado Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Wakataka kusimamisha bendera. Bendera ya Muungano ilipitishwa tarehe 30 Juni, na katika picha yetu hakuna mlingoti. Tukaiacha. Umbali uliandikwa kwa maili na kimo kwa futi. Kijana mmoja akaniuliza: "Mzee, kwani kuna atakayeona?" Nikamjibu kwamba wewe utaona, na kila ukipita mezani utalitazama neno hilo tu.

Mengine tuliyapata penginepo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Kipo kitabu kikubwa cha M. F. Hill juu ya reli za Tanganyika, kilichotolewa na Reli na Bandari mwaka 1957. Kinaeleza fedha, madaraja na mameneja, ila usitafute humo benchi la abiria lilikaa wapi. Magazeti ya Kiswahili ya zamani yana faida kuliko watu wanavyodhani. Kiongozi lilipigwa chapa Tanga zama za Wajerumani, katika shule ya serikali, na wanafunzi walishiriki kulichapa. Nasema hili makusudi kwa ajili ya chama chenu cha habari ambacho tangu mwaka jana hakijatoa hata ukurasa. Mambo Leo lilianza 1923, na wenyeji wa wilayani waliliandikia barua.

Reli zenyewe nazo ni karatasi. Ukiinama utaona kwamba ubavuni mwa reli kiwanda kimepiga chapa jina lake na mwaka. Lakini msidanganyike: huo ni mwaka reli ilipotengenezwa, si mwaka ilipolazwa hapa. Reli iliyochoka kwenye njia kuu hupelekwa njia ya pembeni ikamalizie maisha. Vivyo hivyo tikiti na fomu. Makarani walimaliza bohari ya karatasi za shirika la zamani kabla ya kugusa mpya. Mimi ni karani, najua.

Na intaneti? Intaneti inasaidia sana. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilifungulia umma maelfu ya picha zake mwaka 2008, zikiwamo za Walther Dobbertin aliyepiga picha nyingi za nchi hii zama zao, na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt ina mkusanyo mwingine mkubwa wa picha za makoloni. Unapotafuta, andika Moshi kwa tahajia yao, Moschi. Lakini jina la mji wetu lina balaa lake. Kwa Kiingereza Same ni "ileile", na mashine ukiiuliza stesheni ya Same hukuletea stesheni ileile uliyoitazama jana. Nilitazama stesheni nyingi za Uingereza kwa sababu hiyo. Na maelezo chini ya picha msiyaamini kabla ya kutazama milima. Mtu aliyepanga picha Ulaya miaka mingi baadaye hakujua Makanya na Lembeni zinatofautianaje.

Juu ya rangi nitasema kidogo. Picha za zamani zisizo na rangi zina hila: bamba za mwanzo za kupigia picha hazikuona nyekundu, hivyo paa jekundu hutokea jeusi, na buluu hutokea nyeupe. Nilipowauliza wazee injini zilikuwa na rangi gani, mmoja alisema damu ya mzee, mwingine akasema nyeusi tititi, wakakaribia kukosana. Wote wako sawa. Injini nyingi za Shirika zilipakwa damu ya mzee. Moshi na mafuta vikamaliza kazi. Mezani mtaona damu ya mzee iliyochafuka. Vijana walitumia masizi ya jikoni, na mpishi ametusamehe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mwenyekiti alinionya nilipite kwa tahadhari, lakini mwenyewe mhusika yupo hapa mbele na amenipa ruhusa.

Mzee wetu huyu, aliyesoma hapa miaka mingi kabla yangu, aliposikia habari za meza alikuja na furaha kubwa akasema: "Msisahau injini ya Shengena." Akaeleza. Injini kubwa ajabu, ndefu, inayopinda katikati kama siafu, na ubavuni kibao chenye jina la mlima wetu: Mount Shengena. Akasema aliiona kwa macho yake, akakigusa kibao kwa mkono, na kwamba ilisimama Same.

Vijana walirukaruka. Nani asingetaka? Shengena ndicho kilele chetu kirefu kuliko vyote katika Upare, zaidi ya mita 2,400. Walikwisha kuanza kukata bati.

Nilikwenda kutafuta. Injini hiyo ilikuwapo kweli. Ni ya kundi la 59, injini 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester, zikaletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima: Kenya, Meru, Elgon, Kilimanjaro na wenzao. Namba 5930 ni Mount Shengena. Uzito wake na mzigo wa maji na mafuta ni kiasi cha tani 250, na hakukuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli za mita moja dunia nzima. Lakini hapo ndipo penye shida. Kila ekseli ya injini ile ilikandamiza reli kwa kiasi cha tani 21. Zilitengenezwa kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi, yenye reli nzito. Reli zetu za Tanga zilikuwa nyepesi mno kuibeba. Shengena haikusimama Same.

Hapo, Ndugu zangu, ningefanyaje? Huyu ni mzee. Si mwongo, kila alichokisema juu ya injini nilikikuta kitabuni, hata kibao. Kumwambia mbele ya watoto kwamba amekosea ni utovu wa adabu. Kuiweka mezani ni kuwafundisha watoto kwamba adabu inaweza kujenga reli. Nikaenda kwake nyumbani, jioni, peke yangu.

Nikasema: "Shikamoo mzee. Naomba unisimulie safari ile tangu asubuhi." Sikusema zaidi. Akasimulia. Alikuwa kijana, anakwenda Mombasa kutafuta kazi. Alipanda hapa Same, mama yake akampa ndizi za kuiva na mayai ya kuchemsha. Wakapita Lembeni. Wakabadili Kahe, wakaingia treni ya Taveta kwenda Voi. Na hapo Voi, jioni, kwenye njia kuu, likaingia treni kutoka Nairobi...

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.

"Ilikuwa Voi," akasema.

"Inawezekana, mzee."

"Nilikuwa sijapata kuwa mbali na nyumbani. Nikaona jina la mlima wetu ubavuni mwa chuma kile. Nikaenda nikakigusa kibao. Mimi nilidhani..." Akacheka kidogo. "Basi mlima wetu ulikwenda Mombasa, haukurudi nyumbani."

Mimi nilitoka hapo nikiwa nimeelewa kitu ambacho nyaraka hazikunipa. Alikuwa ameyahifadhi yote mawili, stesheni aliyoagwa na stesheni aliyolikuta jina la nyumbani, na katika miaka sitini vituo hivyo viwili vilikuwa vimesogeleana hadi vikawa kimoja. Ushuhuda wake ulikuwa mzuri. Nilichopaswa kukipata ni mahali pake.

Kwa hiyo mezani hamtaiona Shengena ndani ya stesheni. Lakini vijana hawakuitupa bati waliyokwisha kuikata. Mwisho wa meza, upande wa Moshi, pembeni mwa reli na mbali na mandhari, wametengeneza kipande kifupi cha njia peke yake chenye kibao: VOI. Injini iko hapo. Mzee mwenyewe ndiye aliyewasahihisha umbo la kabati ya dereva, na amewazidi wote kwa ukali. Mwenye kutaka kuiona ya kweli, iko katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi, pamoja na mwenzake Mount Gelai. Mwalimu anasema safari inawezekana kama Mtunza Hazina atabadilisha taarifa yake.

Mtaniuliza juu ya milima nyuma ya stesheni, kwa nini imechorwa ubaoni badala ya kufinyangwa. Tulipiga hesabu. Kutoka mjini hadi kilele cha Shengena ni zaidi ya mita 1,500 kwenda juu. Kwa kipimo chetu ingetaka mlima wa mita 30 ndani ya ukumbi huu, na paa la ukumbi mnaliona, pia mnaona linavyovuja. Tumechora vilele vile tu vinavyoonekana kutoka aliposimama mpiga picha, kwa mpangilio uleule, pamoja na vile viwili vinavyopishana.

Yule kijana mwenye sanduku la bati yupo. Ana kimo cha sentimita 3 na kidogo. Kando yake, hatua chache, vijana wameweka mwanamke aliyejifunga khanga, ambaye katika picha hayumo kwa kuwa alikuwa nyuma ya mpiga picha. Hicho ndicho kitu pekee juu ya meza ile tulichokiweka bila kukiona. Tuliweka kwa ushahidi wa shangazi.

Shuka litaondolewa baada ya sala ya chakula. Mlioleta picha, tikiti au barua za safari, mpeni Katibu wa Kidato cha Pili, yule kijana mrefu mlangoni. Atapiga nakala na kuwarudishieni leo hiihii. Naomba picha zisikatwe pembeni ili zipendeze kwenye fremu, maana milima iko pembeni. Na mzee wangu wa Shengena ameomba awe wa kwanza kuingia, kwa sababu anataka kuhakikisha kwamba kibao cha VOI kimeandikwa vizuri.